Kibanda, akedi, moli au msusi wa nyumbani: kichwa chako ukipeleke wapi Kampala?

Ukimwuliza mtu wa Kampala saluni nzuri iko wapi, atakutajia ya kwake. Hajakudanganya, ila hajakusaidia pia, kwa sababu hukumwambia unakwenda kufanyiwa nini. Msusi anayesuka rasta nyembamba zikakaa miezi miwili bila kulegea anaweza kuwa mtu wa mwisho wa kumkabidhi kichwa akipake dawa ya kulainisha nywele. Na ile saluni ya vioo na kiyoyozi, iliyokuosha nywele hadi ukasinzia, inaweza kukusukia mistari ya kawaida kwa bei ya kutisha na mistari yenyewe ikatoka imepinda.

Kwa hiyo hapa sipangi saluni kutoka mbaya hadi nzuri. Napanga kazi. Kusuka kunataka mikono, dawa inataka maji, mashine na wembe vinataka usafi. Ukilijua hilo, swali la bei linajibika lenyewe kwa sehemu kubwa.

Naizungumzia Kampala kwa sababu ndiko machaguo yalikojaa. Aliye Mbarara, Gulu au Arua atazikuta aina hizi hizi kwa uchache, na ya moli pengine asiikute kabisa.

Tunalinganisha zipi

Kibanda cha mtaani unakijua: chumba kimoja au kontena kando ya barabara, viti viwili, kioo, draya moja, jerikeni za njano zimepangwa mlangoni. Mwenye saluni ndiye msusi, pengine na msichana mmoja anayejifunza. Kansanga, Nsambya, Katwe, Bwaise, kila kona ipo. Wengi wa wasusi tunaosikilizana nao Kiswahili wako huku, hasa akina mama na akina dada waliotoka Kongo.

Akedi ni yale majengo ya maduka ya katikati ya mji, kuelekea Luwum Street na William Street. Chini wanauza nguo na simu, ukipanda ngazi unakuta korido nzima ni saluni, kiti kwa kiti, na ukutani mawigi yananing'inia kwa rangi zote (Idi Amin aliwahi kuyapiga marufuku, angepita leo asingejua aanzie wapi). Hata kabla hujapanda, barabarani wapo watakaokuita: “Nnyabo, jjangu!” Anayekuita mara nyingi siye atakayekusuka, na naye anatarajia chake.

Moli ni saluni za majengo kama Acacia Mall pale Kisementi, na nazihesabu humo pia zile zinazojitegemea za Kololo, Bugolobi na Ntinda. Kuna mapokezi, kuna sinki za kuoshea zenye maji ya moto, kuna jenereta.

Wa nne ni msusi anayekuja nyumbani. Wengi wao walianzia kwenye kiti cha akedi, wakapata wateja wao, wakaondoka nao. Unampata kwa WhatsApp au TikTok.

Jambo moja linazigusa akedi na moli: mara nyingi anayekuhudumia hajaajiriwa kwa mshahara. Amekodi kiti, au anagawana na mwenye saluni kwa kila kichwa. Ndiyo maana anaharakisha, na ndiyo maana ukirudi baada ya miezi mitatu unaambiwa yule dada amehamia jengo jingine. Ukipenda kazi ya mtu, chukua namba ya mtu, si ya saluni.

Kusuka: hapa pesa nyingi hazikununulii kingi

Kwa rasta, twist na mistari (ambayo Kampala utaiomba kwa jina la biswahili), ningeanza na kibanda, halafu msusi wa nyumbani, halafu akedi. Moli ningeiweka mwisho. Saluni nyingi za moli zimejengwa juu ya kuosha, kukausha na kupaka rangi. Mteja wa rasta akija, wakati mwingine huitwa msusi kutoka nje, na wewe unalipia kiyoyozi.

Tofauti kubwa kati ya kibanda na akedi ni muda. Kibandani unakaa na mtu mmoja tangu asubuhi. Atasuka, atapokea simu, atamnyonyesha mtoto, atamhudumia mteja wa kuosha, atarudi. Ukiingia saa tatu asubuhi na rasta ndogo, usimwahidi mtu kitu jioni. Kwenye akedi wanakuzunguka watu wawili, watatu, hata wanne, na saa chache baadaye uko chini unatafuta teksi (matatu) ya kurudi nyumbani.

Lakini mikono minne haivuti sawa. Mmoja ana mkono mwepesi, mwingine anakaza kama anafunga mzigo kwenye boda. Unatoka upande wa kulia unajisikia vizuri, upande wa kushoto nyusi zimepanda. Na ule upande uliokazwa ndio utakaotoa vipele kwenye mizizi kesho yake. Ukikaa na watu zaidi ya mmoja, taja mapema nani akushike mbele. Nywele za pembeni ya paji la uso ni dhaifu kuliko za utosini. Wape mwenye mkono mwepesi, na wengine wabaki kisogoni.

Hili si suala la kuvumilia maumivu tu. Mkazo unaorudiwa miaka na miaka unaua mzizi, na mzizi uliokufa hauoti tena. Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town, daktari wa ngozi aliyechunguza nywele za Waafrika kwa muda mrefu, aliwakagua wanawake wa Cape Town akiwa na wenzake, na kuchapisha matokeo mwaka 2007: karibu theluthi moja walikuwa na upara wa kuvutwa nywele. Sina haja ya takwimu za Kampala kuamini. Panda teksi, kaa kiti cha nyuma, tazama mapaji ya uso wanapogeuka.

Kwa hiyo kipimo changu cha msusi si picha. Picha za ukutani zimetoka kwenye intaneti, na za TikTok zimepigwa dakika ile kazi ilipoisha, wakati hata kazi mbovu inang'aa. Namwambia: “Dada, hapa mbele panauma, legeza.” Akifumua ule mmoja na kuusuka upya bila kununa, nimempata. Akinijibu kwamba zitalegea zenyewe baada ya siku tatu, au kwamba nimeze dawa ya maumivu nilale, najua nilipo. Kwa kumwona kazini, keti dakika kumi kabla ya zamu yako umtazame mteja aliye kwenye kiti: je, anashika kichwa kwa mkono, au anamvuta mtu kwa nywele zake ili ageuke?

Ukiweza, omba kuona kichwa alichosuka mwezi uliopita. Kibandani hili ni rahisi, kwa sababu vichwa hivyo vinapita mbele ya mlango siku nzima kwenda dukani. Kwenye akedi haiwezekani, na hapo ndipo kibanda kinaposhinda kweli.

Kumalizia rasta ni suala jingine. Wanachovya ncha kwenye maji yanayochemka ili nywele za bandia zitulie. Mtaani maji yanatoka kwenye chupa ya chai au birika. Kwenye akedi birika hilo linapitishwa katikati ya watu wamebanana. Kaa wima, taulo mgongoni, na mtoto asiwe pajani. Kama kichwa huwa kinakuwasha siku za kwanza, nunua nywele siku moja kabla, uziloweke kwenye maji yenye siki kidogo, uzisuuze, uzikaushe. Mara nyingi kinachowasha ni vitu walivyozipaka kiwandani.

Je, nywele ununue mwenyewe au uwaachie wao? Ukinunua Kikuubo, ule mtaa wa maduka ya jumla, au kwenye maduka ya akedi unaona pakiti zimefungwa, unajua ni aina gani na ngapi. Ukiwaachia unaokoa safari, lakini hesabu inakuwa gizani. Tuseme umeambiwa elfu 60 “pamoja na nywele”. Uliza ni pakiti ngapi na za aina gani, kisha uziache pakiti tupu mezani mpaka mwisho. Msusi mwaminifu hatakasirika. Na ukipeleka zako, zilizobaki ni zako. Sema hivyo unapokabidhi, si unapoondoka.

Dawa: uliza maji yako wapi

Hapa mpangilio unageuka juu chini. Kwa dawa ya kulainisha nywele ningeanza na moli au saluni ya mtaani yenye bomba na sinki la kweli, na kibanda cha jerikeni ningekikataa hata kama mwenyewe ni rafiki yangu.

Sababu ni kemia tu. Dawa hizi zina alkali kali, pH yake (kipimo cha asidi na alkali) ni zaidi ya 12. Zile za kopo moja, anazochota msusi moja kwa moja, kwa kawaida zina sodiamu haidroksaidi. Zinafanya kazi haraka na zinachoma haraka. Zile za boksi unazochanganya krimu na kimiminika zinatumia kalsiamu haidroksaidi na guanidini. Ngozi inazivumilia zaidi kidogo, lakini zinaacha kalsiamu kwenye nywele na kuzifanya kavu na butu. Hakuna iliyo ya kuchezea. Hata ile yenye picha ya mtoto anayetabasamu.

Alkali ikishafanya kazi lazima itoke yote. Inaoshwa kwa maji mengi, halafu shampuu ya nyutralaiza, ile ya kuizima alkali, halafu tena, halafu tena. Shampuu nyingi za aina hiyo zina rangi ya kukuonya: povu likiwa la waridi bado dawa imo, likiwa jeupe imetoka. Sasa fikiria jerikeni moja ya lita 20, ambayo msichana ameileta kwa kununua, na wateja watatu wanaisubiri. Mwenye kibanda si mtu mbaya. Anahesabu vikombe. Nawe unarudi nyumbani na dawa inaendelea kufanya kazi nyuma ya masikio na kisogoni, pale ambapo maji yalipita juu juu. Nywele zinakatika wiki mbili baadaye na wewe unailaumu chapa ya dawa.

Kwa hiyo kabla hujakaa, omba kuoneshwa sinki. Fungua bomba mwenyewe. Maji ya Kampala hukatika, basi uliza tangi. Kama jibu ni “yatakuja”, panga siku nyingine. Umeme ukikatika una nafuu: utaondoka na nywele mbichi, hutaondoka na kidonda. (UEDCL, shirika la serikali, ilichukua usambazaji kutoka kampuni iitwayo Umeme mwishoni mwa Machi 2025, na kwenye viti vya saluni lawama zimehamia jina jipya bila taabu.)

Cha pili ni mtu. Msusi nampima kwa mikono, lakini wa dawa natazama pia kama amefundishwa. Cheti cha DIT, ile idara ya mafunzo ya viwandani, hata kile cha Worker's PAS wanachopewa waliojifunzia kazini, kinaonesha kwamba kuna mtu alisimama akamtazama akifanya. Tangu 2017 mpango wa Ikulu wa kuwafundisha wasichana kazi za mikono umetoa vijana wengi wa saluni Kampala, kwa hiyo usishangae kukuta fundi mzuri wa dawa ana miaka 22. Umri usikutishe. Kitakachokutisha ni haya: hakuulizi mara ya mwisho ulipaka lini, hakuulizi kama umekuna kichwa au umefumua rasta jana, hapaki mafuta kwenye paji la uso na masikioni, haangalii saa.

Ukifumua rasta, ngozi ya kichwa ina michubuko usiyoiona. Ipe wiki moja au mbili. Saluni inayokubali kufumua saa nne na kupaka dawa saa sita inataka pesa ya siku hiyo tu.

Ritachi, yaani kurudia dawa nywele zikishaota, inapakwa kwenye mizizi mipya peke yake. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwetu mara nyingi pungufu kidogo, kwa hiyo chini ya wiki nane hakuna kitu cha kupaka. Wengi husema wiki 8 hadi 12. Mimi ningesogea upande wa 12 na zaidi, na sababu si uchumi. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya utafiti uitwao Sister Study, uliofuatilia wanawake 33,497. Kwa waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka, walikadiria kwamba asilimia 4.05 wangepata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70. Kwa wasiotumia kabisa, 1.64. Utafiti wa aina hiyo unaonesha vitu viwili vinatembea pamoja, hausemi kimoja kimesababisha kingine. Lakini tazama hesabu: ritachi ya kila wiki nane ni mara sita kwa mwaka, ya kila wiki kumi na tatu ni mara nne. Saluni inayokutumia ujumbe wa kukukumbusha kila mwezi na nusu inakupeleka upande usioutaka.

Dawa yenyewe ikaguliwe. Bidhaa zinatengenezwa hapa hapa, Movit wa Barabara ya Entebbe wapo tangu miaka ya 1990, na nyingine zinaletwa. Tafuta alama ya Q ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, na tarehe ya mwisho. Kopo kubwa lililofunguliwa zamani, limekauka pembeni, likatae. Na kama nywele zako ziliwahi kupakwa dawa ya kukunja, sema kabla. Ile hutumia thayoglikoleti, na ikikutana na alkali ya kulainisha kwenye unywele mmoja, unywele unakatika. Fundi anayejua atakataa pesa yako. Asiyejua atasema “hakuna shida, dada.”

Mahali pekee kibanda kinapoipiku moli kwenye kemikali ni hewa. Zile huduma za keratini zinazofanyika kwenye saluni ghali, nywele zinapakwa kisha zinapigwa pasi ya moto, nyingi hutoa gesi ya fomaldihaidi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliitangaza mwaka 2004 kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Ukiona macho yanawasha na kila mtu anakohoa, na madirisha yamefungwa kwa sababu kiyoyozi kinafanya kazi, lipa ulichotumia utoke. Anayeumia zaidi ni yule dada anayeifanya kila siku, lakini hilo hataliambia mteja.

Msusi wa nyumbani kwa dawa? Kwako maji yapo, ndiyo. Lakini umeinama kwenye karai, povu liko machoni, na hakuna mwenzake wa kumsaidia ukianza kuungua. Mwachie rasta.

Mashine, wembe na watoto wa shule

Shule nyingi za Uganda zinataka vichwa vifupi, wavulana kwa wasichana. Matokeo yake ni foleni za mwisho wa likizo: watoto arobaini, mashine mbili, hakuna nafasi ya kupumua. Hapo ndipo mapunye hupata usafiri, kutoka kichwa hadi kichwa kwa meno ya mashine na vitana. Mpeleke wiki moja kabla, au awe wa kwanza asubuhi. Bei ni ile ile.

Kati ya kinyozi wa kibandani na wa moli, tofauti ya kunyoa ni ndogo kuliko tofauti ya bei. Angalia anachofanya katikati ya wateja. Anayefaa anapiga brashi nywele zitoke, halafu anafuta meno ya mashine kwa spiriti na kuiacha dakika chache. Anayepuliza tu kwa mdomo, ondoka. Lile kabati lenye taa ya bluu lisikulaghai: mwanga huo unaua vijidudu pale unapopiga tu, haupenyi kwenye meno ya mashine wala chini ya vitana vilivyorundikwa. Kwa saluni nyingi ni taa ya mapambo.

Wembe lazima ufunguliwe mbele yako, hapana mjadala. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi, kwenye damu usiyoiona. Kama unanyoa kila wiki, nunua mashine yako uwe unaipeleka. Vinyozi wengi wameshazoea.

Kwa wanaume wa Kampala kuna jaribu la ziada: ukimaliza kunyolewa unahamishiwa kiti cha pili, dada anakusugua uso, anakukanda mabega, na kwenye malipo jumla imezaa watoto. Ni huduma nzuri. Uliza bei yake ukiwa bado kwenye kiti cha kwanza.

Nywele asili na dredi

Hapa uhaba ni wa ujuzi, si wa saluni. Vibanda vingi vitakuchana nywele zikiwa kavu, kuanzia mzizini, kwa kitana chembamba, na kukushauri dawa kabla hujakaa. Moli nyingi nazo zinajua kunyoosha kwa pasi tu. Msusi wa nyumbani aliyejikita kwenye nywele asili, au mtu wa dredi wa kweli karibu na Makerere pale Wandegeya, anazidi wote. Kipimo ni kimoja: je, alilowesha na kupaka kondishena kabla ya kuchana, na alianza kwenye ncha?

Faragha

Kwa dada anayevaa hijabu, mpangilio mzima unaweza kubadilika. Akedi ni korido wazi, na wasusi wengi pale ni wanaume, wengine hodari kupita maelezo. Maeneo ya Old Kampala na Kibuli kuna saluni zenye pazia au chumba cha ndani, lakini pazia si kitu kama kijana wa kuleta maji anaingia bila kubisha. Uliza nani ataosha, si nani atasuka tu. Msusi wa nyumbani hapa hana mpinzani, na ile nauli ya boda utakayomlipa ni halali yake.

Bei na lugha

Baraza la Mawaziri lilipitisha Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi. Kwenye akedi habari hiyo bado iko njiani. Ukifungua mdomo kwa Kiswahili unaweza kudhaniwa Mkenya aliyekuja kununua bidhaa, na bei ikapanda kabla hujaketi. Dawa yake ni kukubaliana kila kitu umesimama: kazi, nywele, kuosha, kufumua za zamani, maji ya moto. Kufumua ndiko kunakosahaulika, na ndiko kunakoleta ugomvi. Mtaani kwa mama wa Kikongo atakuuliza, “Mama, unapenda ndogo ao kubwa?” na bei atakayotaja ndiyo bei, labda upunguziwe kidogo kwa kuwa umekuja na dada yako.

Desemba kila mahali hupanda, na wiki ya Krismasi hata msusi mwema huwa na haraka. Suka mwanzoni mwa mwezi.

Malipo ya simu yanakubalika kote. Wengine watakuongezea ada ya kutoa pesa. Muulize mapema kama bei ni ya mkononi au ya simu. Msusi wa nyumbani akitaka malipo ya awali, mpe ya nauli na ya nywele, nyingine akimaliza.

Ikiharibika

Rasta zikifumuka wiki ya kwanza, kibandani unarudi zinarekebishwa bure, kwa sababu mnaonana kila jioni mkinunua mkaa na sifa yake inategemea mdomo wako. Moli watakuomba risiti na kukupangia siku, na ukisimama imara utahudumiwa. Msusi wa nyumbani atarudi kama bado anataka kazi ya mwezi ujao. Akedi ndiyo ngumu: kiti kina mtu mwingine, na mwenye saluni atakwambia yule hayupo. Pale, kabla hujashuka ngazi, jitazame kisogoni kwa simu yako, vuta rasta tano sita za pembeni kwa vidole, na cha kurekebishwa kirekebishwe papo hapo, pesa ikiwa bado mkononi mwako.

Ukiungua kwa dawa usirudi saluni kuosha mara ya pili wala usikubali kupakwa mafuta ya kutuliza. Osha kwa maji ya bomba yanayotiririka, dakika ishirini angalau, kisha nenda kituo cha afya ukiwa na jina la dawa iliyotumika. Piga picha ya kopo kabla hujaondoka.